Flashi iliyomeza sauti ya mama

USICHEKE, msomaji wangu. Najua ukikiona kichwa cha habari namna hii unawaza mizimu, fisi wa kupandwa usiku na mambo yetu yale, maana sisi Wasukuma tumeshazoea kusingiziwa. Safari hii hakuna mganga wala mchawi. Kilichomeza sauti ya mama yangu ni kidude cha plastiki chenye urefu wa kidole cha mwisho, kimeandikwa GB 64 kwa rangi ya dhahabu, kimenunuliwa mchana kweupe kwa hela halali ya pamba.

Ngoja nikupe mkasa wenyewe.

Julai 2022, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wana visenti mfukoni, binti wa dada yangu aliolewa nyumbani Lalago. Kwa asiyepajua, Lalago iko wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu; ukitoka Shinyanga kupitia Kolandoto kwenda Mwanhuzi huwezi kuikwepa, hata vumbi lake utaondoka nalo. Harusi ilikuwa ya kukata na shoka. Ng'ombe walianguka, sabufa zilitikisa mabati, wakwe walitoka pwani wakashangaa michembe ikiliwa kama peremende.

Lakini kilele cha siku ile hakikuwa keki. Ni pale mama yangu, bibi wa bibi harusi, alipoomba kipaza sauti. Alisimama karibu nusu saa. Akaanza kwa Kisukuma, akageuza Kiswahili ili wakwe wasikose uhondo. Akasimulia alivyoletwa yeye mwenyewe Lalago akiwa mwari, nani alimpokea, kisima kilikuwa wapi, akawataja waliotangulia mmoja mmoja. Mwisho akaimba. Wapishi waliacha masufuria. Mimi mwanaume mzima nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Bwana video alikuwepo, karekodi kila kitu. Baada ya wiki akaja na flashi yake. Na hapa nakuomba uwe makini, maana kesi yote iko hapa. Akaichomeka kwenye laptopu mbele yangu. Vipande vyote vikajipanga, majina yapo, ukubwa upo. Akafungua cha kwanza, kikacheza. Akaruka mpaka cha mwisho, maharusi wanapanda gari, kikacheza. "Mzee, mzigo wako huo, umekamilika." Nikalipa, tukapeana mikono. Jioni tukaangalia saa moja ya mwanzo kwa jirani mwenye televisheni, umeme ukakatika, kesho yake kila mtu akarudi mjini kwake. Flashi ikaingia kwenye kopo, kopo likaingia kabatini kwa mama.

Machi 2024 mama akafariki.

Siku ya kuanua matanga dada akasema jamani, si tuna ile sauti yake? Kopo likaletwa. Ukoo mzima ukakaa mkekani. Kipande cha kwanza kikacheza, cha pili, cha tatu. Tukafika kwenye usia. Jina lipo, ukubwa upo, kioo cheusi ti! Kinachofuata, cheusi. Kinachofuata, cheusi. Nikampigia bwana video. Kadi zake za kamera alikuwa amezifuta zamani na kurekodia harusi nyingine chungu nzima. "Lakini mzee, si nilikuonyesha?" Kweli alinionyesha. Ndiyo maana mpaka leo sina ugomvi naye.

Gesti yenye vyumba vya kuchora

Karibu na stendi pana kijana ana kibanda. Anajaza watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, anauza chaja, anatengeneza redio. Nikampelekea kopo langu kama mtu anayepeleka mgonjwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nitazamie hii."

Kwanza akahamisha vipande vilivyokuwa vinacheza, akavihifadhi kwingine. Halafu akaendesha programu fulani, akasubiri dakika chache, akageuka na sura ya daktari mwenye majibu mabaya.

"Mjomba, hii si sitini na nne. Hii ni nane."

Nikamwambia mbona imeandikwa? Akacheka. Akaniambia maandishi ya juu ni ya mchapaji, na hata kompyuta ukiichomekea flashi, inachofanya ni kuiuliza tu: wewe nani, nani kakutengeneza, una ukubwa gani? Flashi inajibu, kompyuta inaamini. Haifungui boneti.

Akanipa mfano ambao sitausahau. Chukulia gesti yenye vyumba vinane, lakini mapokezi wameandika vyumba sitini na vinne. Wageni wanane wa kwanza wanalala vizuri. Wa tisa anaandikwa kitabuni, anapewa funguo, anaambiwa karibu sana. Anakwenda koridoni, anakuta mlango umechorwa ukutani kwa rangi. Ukija kesho yake kukagua kitabu, majina yote yamo. Wageni hawamo. Mama yangu alikuwa mgeni wa tisa.

Sasa, nikamuuliza, mbona kile kipande cha mwisho kilicheza mbele ya macho yangu? Hapo ndipo niliposhika kichwa. Kompyuta ikishaandika kitu, nakala yake inaweza kubaki kwa muda kwenye kumbukumbu yake yenyewe, ili ukikitaka tena isihangaike kwenda mbali. Bwana video alipobofya kipande cha mwisho, laptopu haikurudi kwenye flashi hata kidogo. Ilimwonyesha cha kwake, kilichokuwa bado kichwani. Angeichomoa flashi akairudisha, au angeichomeka kwenye kompyuta nyingine, uongo ungeonekana palepale. Yule bwana aliipima kwa nia njema kabisa, ila alikuwa anapima laptopu yake.

Mkono mpaka chini ya gunia

Watu wa Lalago somo hili tungepaswa kulijua kabla ya Wachina. Sisi ni watu wa pamba, kiwanda cha kuchambulia kiko hapa hapa. Msimu ukifika unaleta gunia lako kwenye chama cha msingi, na karani anataka kujua kama ni safi au ni fifi. Juu ya gunia ni nyeupe kama theluji ya Kilimanjaro. Je, karani anaandika safi? Thubutu! Anazamisha mkono mpaka begani, anaivuta ile ya chini. Maana anatujua. Wapo wanaomwagia maji izidi uzito, wapo wanaotia mchanga. Gunia nalo lina maandishi juu na lina ukweli chini.

Flashi yangu nayo ilihitaji karani wa kuzamisha mkono. Kwenye kompyuta mkono huo ni wa namna moja: unaijaza flashi mpaka pomoni kwa tarakimu unazozijua, halafu unasoma yote tangu mwanzo mpaka mwisho uone kama ulichoweka ndicho unachokikuta. Programu za kazi hiyo zipo na ni za bure. Jarida la Ujerumani liitwalo c't lilitoa moja, H2testw. Mbrazili Michel Machado akatoa nyingine, F3. Na mwaka 2023 Mmarekani Steve Gibson akatoa ValiDrive, yenyewe haijazi flashi nzima, inadokoa sehemu 576 zilizotawanyika toka mwanzo mpaka mwisho, kama karani mwenye haraka anayechoma gunia kila pembe.

Shida ya kujaza yote ni muda. Piga hesabu na mimi. Flashi ya bei poa ikiandika megabaiti kumi kwa sekunde, kuijaza GB 64 kunakula karibu saa moja na dakika hamsini. Ongeza muda wa kusoma, unakaribia saa mbili na nusu. Kwa mtu mwenye flashi moja si neno, anachomeka, anakwenda kula, anarudi. Kwa kiwanda je?

Huko zinakotoka

Nilivyo mbishi nikataka kujua kiwandani wanafanyaje, maana haiwezekani kila kitu kitoke bila kukaguliwa. Nikawasumbua mafundi wa umeme ninaowafahamu, nikasoma, nikaambulia yafuatayo.

Tundu la USB si la juzi. Maelezo yake ya kwanza yalitolewa Januari 1996, na flashi zenyewe zikaanza kuuzwa mwaka 2000. Leo kila kitu kina tundu hilo: chaja, redio, taa za sola, kipanya cha kompyuta, mashine za kupima sukari. Kiwandani, kifaa kikishaunganishwa na kufungwa ganda, kinafika mwisho wa mstari. Hapo ndipo penye mtihani wa mwisho kabla ya boksi. Mtihani wa maana huanza kabla hata ya kuwasha: je, waya umegusana ndani? Kisha kinapewa umeme wa volti tano, wanatazama kinakunywa kiasi gani. Kikinywa kupita kiasi au kisiponywa kabisa, nje. Kisha kompyuta inakiuliza zile salamu: wewe nani, wa kampuni gani, namba yako ipi? Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokata kona, kinatakiwa kufanya kazi yake. Chaja ichaji. Redio isikike. Flashi iandike na isome.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya binti aliyekaa kwenye stuli. Chomeka, tazama, bofya, chomoa. Chomeka, tazama, bofya, chomoa. Saa nane. Hata wewe ungefika saa tisa alasiri ungekuwa unachomeka tu bila kutazama, mawazo yako kwenye ugali. Ndipo wakaingiza mitambo. Kifaa kinalazwa kwenye kitanda chenye sindano ndogo za springi zinazogusa sehemu zinazotakiwa, au kinachomekwa kwenye safu ya matundu, programu inauliza maswali yote yenyewe, taa ya kijani au nyekundu inawaka, na jibu linaandikwa kwenye daftari la kompyuta pamoja na namba ya kifaa. Binti anabaki kuweka na kutoa.

Usidhani mitambo haina vituko. Plagi ya USB ile bapa ya kawaida imekusudiwa kuvumilia kuchomekwa mara 1,500 hivi. Zile ndogo za simu na hizi mpya za C ni mara 10,000. Kwako wewe hiyo ni miaka. Kwa tundu la kupimia kiwandani, mara 1,500 ni siku moja! Likilegea, linaanza kuangusha vifaa vizima. Basi wajanja huweka kipande cha kafara mbele ya tundu, kikichakaa kinatupwa, mtambo unaendelea.

Kituko kingine kinachekesha zaidi. Kompyuta ya Windows inakumbuka wageni. Kuna aina za vifaa ambazo kila kipya chenye namba yake kikichomekwa, kompyuta inakipa namba ya mlango na inakihifadhia mlango huo milele, ikiamini atarudi. Kwako nyumbani ni heshima. Kiwandani, vifaa mamia vinapita na havirudi tena mpaka kiama, kompyuta bado inawawekea viti, milango inafika 256, mtambo unagoma, na hakuna anayejua kwa nini. Ni kama shangazi yangu anayeandika kila mtu aliyewahi kuja msibani tangu Uhuru, daftari limejaa, wa leo hana pa kuandikwa. Dawa ni kuiambia kompyuta isisome namba za vifaa hivyo, itazame tu tundu.

Sasa rudi kwenye ile hesabu yetu. Kiwanda kinachotoa flashi elfu kumi kwa siku, kila moja saa mbili na nusu, kitahitaji matundu zaidi ya elfu moja yanayofanya kazi usiku na mchana. Gharama hiyo nani anaitaka kwenye kitu kinachouzwa bei ya soda chache? Kwa hiyo huko mwishoni flashi inaulizwa maswali ya haraka, inadokolewa hapa na pale, inapita.

Tusijione tuko mbali na mambo haya. Kigali walizindua kiwanda cha simu cha Mara mwaka 2019. Kenya nao Oktoba 2023 wakazindua kiwanda cha kuunganisha simu kule Athi River. Mstari wowote wa namna hiyo una mwisho, na mwishoni lazima pawe na mtu au mtambo wa kusema ndiyo au hapana.

Mlango wa nyuma

Kuna Mmarekani anaitwa Andrew Huang, mtaalamu wa vifaa vya elektroniki. Alikuwa anatengenezesha vifaa China, akakuta kadi za kumbukumbu zinafeli ovyo kwenye mstari wake. Mwaka 2010 akaandika uchunguzi wake: alizipasua kadi za feki na za kweli akatazama matumbo. Desemba 2013 yeye na mwenzake Sean Cross wakaenda Hamburg, Ujerumani, wakaeleza mbele ya watu jambo ambalo mimi liliniondoa usingizi.

Ni kwamba ndani ya kila kadi, na flashi ni ndugu yake wa damu, mna kompyuta ndogo kamili. Imewekwa humo kwa sababu kumbukumbu zenyewe zina kasoro, na kuzipima kimoja kimoja kwa mashine kubwa ni ghali kuliko kumpachikia kila mmoja karani wake wa ndani. Karani huyo ndiye anayejipima mwenyewe kiwandani, anahesabu vyumba vizuri, anaruka vibovu, anatangaza ukubwa. Ili kumpa karani maagizo hayo, kiwanda kinabisha hodi kwa namna maalumu, mlango unafunguka, programu inaingizwa.

Na ule mlango wakati mwingine haufungwi kifaa kinapotoka.

Umeshaelewa? Tapeli wa flashi yangu hakuhitaji kujenga kiwanda. Alichukua kumbukumbu ya GB 8, akabisha hodi ileile ya watu wa kiwandani, akamwambia karani: kuanzia leo ukiulizwa, sema sitini na nne. Programu za kufanyia hivyo ni zilezile za kiwandani, zimevuja zimesambaa. Yaani ule mtihani wa kulinda mnunuzi ndio ulioacha funguo mlangoni.

Serikali nazo zimepambana na feki kwa njia zao. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA walivyozima simu feki usiku wa manane, watu wakaamka na matofali mkononi. Kenya walitangulia mwaka 2012. Lakini simu ina IMEI, inapiga hodi kwenye mtandao kila dakika, ni rahisi kuikamata. Flashi haina pa kupiga hodi. Inakaa kabatini kwenye kopo, inakungoja ufiwe.

Mtambo wa Lalago

Turudi kwa kijana wangu. Kesi ya mama ilimuuma kuliko nilivyotegemea, kwa sababu na yeye alikuwa anauza flashi zilezile, kutoka kwa wauzaji walewale. "Mjomba, nimeshawauzia watu wangapi?" Hakulala.

Alikuwa na laptopu kuukuu aliyoipitishia Linux, akanunua kigawanyio chenye matundu saba, akakaa wiki mbili na simu yake akijifundisha kuandika programu fupi. Nia: jioni achomeke flashi saba, afunge kibanda, asubuhi akute majibu. Ujaze, uisahaulishe kompyuta kila ilichokishika kichwani, ndipo usome. Hicho cha katikati alikiweka kwa sababu yetu.

Usiku wa kwanza, tano kati ya saba zikafeli. Akashangilia kwamba amewakamata. Zikiwemo mbili alizozijua kwa hakika ni nzima! Kumbe kigawanyio kilikuwa kinanyonya umeme wa laptopu tu, na tundu moja la aina ile linatoa miliampia 500. Flashi saba zikiandika kwa pamoja ni sawa na watoto saba kwenye chuchu moja. Zilifeli kwa njaa. Akatafuta kigawanyio chenye umeme wake, zile mbili zikapita bila tatizo.

Usiku mwingine zote saba zikafeli saa tisa na dakika nne. Umeme ulikatika, laptopu ina betri ikaendelea, kigawanyio kikazima. Akaongeza mstari kwenye programu: zikifa zote kwa sekunde moja, usihukumu flashi, anza upya.

Kisha ikaja iliyomtoa jasho kweli. Aliandika majibu kwa namba ya kila flashi, kama ofisi yoyote ingefanya. Asubuhi anakuta saba zimeingia, majibu mawili. Flashi sita zilikuwa na namba ileile moja! Mtengenezaji hakujisumbua kuzipa majina tofauti, kwa hiyo kila jibu lilikuwa linafuta la mwenzake. Ni mapacha sita wenye cheti kimoja cha kuzaliwa. Akachukua rangi ya kucha ya dada yake, akaandika 1 mpaka 7 juu ya matundu, programu ikawa inaita tundu, haiiti jina. Nilipokuja kusoma habari ya Windows na milango 256 nilicheka peke yangu. Kijana wa Lalago na wakubwa wa viwandani wamefika kwenye dawa moja.

Baada ya hapo alinunua ishirini mjini, saba zikafeli. Akazirudisha. Muuzaji akamkazia macho: "Mbona zinaonyesha sitini na nne?" Wakabishana mpaka watu wakajaa. Akamwambia twende kwenye kompyuta yako, jaza hapa mbele ya wateja wako wote hawa, tusubiri. Muuzaji akatazama wateja, akazibadilisha. Zilizobadilishwa nazo kijana akazipima. Moja ikafeli tena.

Sasa anauza zilizopimwa kwa mia tano ya ziada, na usidhani wateja wanampigia makofi. "Mia tano ya nini?" Wengi wanavuka barabara wanakwenda kununua za bei ya chini, hasa siku ya gulio. Yeye anasema sawa. Hata pamba, anasema, anayetia mchanga anapata hela mapema kuliko anayekausha.

Sekunde tisa

Vile vipande vilivyopona nilivikagua vyote, saa moja na nusu ya wageni kushuka kwenye magari na kina mama kupepeta mchele. Kwenye kipande cha tatu, nyuma ya masufuria, anapita mama na ungo. Anaiona kamera, anasimama. "Mwangaluka," anamwambia bwana video. Halafu anamuuliza kama amekula. Anaondoka. Sekunde tisa. Ndizo tulizonazo.

Ile flashi yenyewe niliitaka niichome moto. Kijana akaniomba nimwachie.

Akanieleza kwamba mtambo wa kupima nao unaweza kuugua, na ukiugua haukohoi. Unaendelea kuwasha taa ya kijani. Viwandani wana dawa yake: wanaweka kifaa kimoja wanachokijua ni kizima na kimoja wanachokijua ni kibovu, na kila zamu inapoanza wanaupa mtambo vyote viwili. Ukikosea mmojawapo, mstari unasimama. Hata kwenye pamba ndivyo. Zile mashine zinazopima urefu wa nyuzi, uimara na weupe hutumiwa pamba ileile kwenye maabara za nchi mbalimbali, waone kama zinasema lugha moja. Kwenye mradi wa kimataifa wa kazi hiyo, TBS kule Dar es Salaam iliwekwa kuwa kituo cha kanda ya Afrika Mashariki na Kusini.

Kwa hiyo flashi ya harusi sasa inaning'inia kwenye msumari kibandani, imefungwa uzi mwekundu. Jirani yake ni nzima, ina uzi mweupe. Kila asubuhi kabla ya biashara kijana anazichomeka zote mbili na kuzidokoa kwa haraka. Nyeupe inatakiwa ipite, nyekundu inatakiwa ifeli.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimkuta amekaa nje, kibanda nusu wazi, kichwa mikononi. Nikamuuliza kuna msiba? Akaniambia usiku alibadilisha kitu kidogo kwenye programu ili iende kasi, na asubuhi hii uzi mwekundu umepita. Taa ya kijani kabisa, GB 64, haina kasoro. Ilibidi atafute alipokosea. Wakati tunaongea mteja akaja anataka flashi mbili, hela iko mkononi.

"Leo siuzi," akamjibu. "Njoo kesho."

Yule mtu akavuka barabara.